Siku nne za Rio zilizonyima Asia usingizi: mashabiki wa badmintoni na dhahabu ambayo Malaysia inangojea hadi leo

Kuanzia tarehe 17 hadi tarehe 20 mwezi wa nane 2016, watu wengi sana katika Indonesia, Uhindi na Malaysia walikesha mbele ya televizio sababu ya kitu chenye uzito wa gramu tano hivi. Ni kinyoya cha badmintoni: manyoya 16 ya bata au ya bata bukini yaliyopandwa ndani ya kizibo kidogo. Huko Rio de Janeiro, ndani ya jumba nambari 4 la Riocentro, michezo ya Olimpiki ilikuwa imefika kwenye nusu fainali na fainali. Rio iko nyuma ya Kuala Lumpur kwa saa 11. Kwa hiyo asubuhi ya Brazili ilikuwa usiku wa Malaysia, na wakati wachezaji wanapasha mwili joto, migahawa ya kule ilikuwa imejaa.

Hapa kwetu mashariki ya Kongo, ukisema mchezo, watu wanasikia mpira wa miguu. Raketi na kinyoya ni vitu vya watoto mbele ya nyumba wakati wa likizo kubwa, mpaka nyuzi zikatike ao kinyoya kipande juu ya mabati na asipatikane mtu wa kukishusha. Lakini mtu aliyekuwa Lubumbashi, Bukavu ao Goma tarehe 18 mwezi wa kumi na mbili 2010, siku TP Mazembe ilicheza fainali ya Kombe la Dunia la vilabu na Inter ya Milan katika Abu Dhabi, hahitaji kuelezwa mengi. Nganda zilijaa, jenereta zilitiwa mafuta mapema, na hata wale wasiopenda Mazembe walikaa. Mazembe ilifungwa 3 kwa 0. Badmintoni huko Malaysia ni namna hiyo, na kule wameonja kufungwa kwa aina hiyo mara nyingi zaidi.

Tuanze na wale waliocheka kwanza.

Siku ya tatu, tarehe 17, ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Indonesia, nchi iliyojitangazia uhuru tarehe hiyo mwaka wa 1945. Siku hiyohiyo Tontowi Ahmad na Liliyana Natsir waliingia katika fainali ya wawili-wawili mchanganyiko, mwanaume na mwanamke kila upande. Mashabiki wa Indonesia walikuwa na deni la miaka minne kifuani. Tangu badmintoni iingie rasmi katika Olimpiki, Barcelona 1992, ambako Susi Susanti na Alan Budikusuma walileta dhahabu mbili na baadaye wakafunga ndoa, Indonesia haikukosa dhahabu ya mchezo huo hata mara moja. Ikakosa London 2012. Tena ikakosa kwa aibu: timu nne za wanawake, moja ya Uchina, mbili za Korea ya Kusini na moja ya Indonesia, zilifukuzwa mashindanoni sababu zilicheza kwa makusudi ya kushindwa, ili zipate wapinzani wepesi mbele. Watazamaji waliokuwa ndani ya jumba siku hiyo waliwazomea.

Rio ilifuta hayo. Tontowi na Liliyana walishinda 21 kwa 14, kisha 21 kwa 12. Ila upande wa pili wa wavu walisimama Chan Peng Soon na Goh Liu Ying, Wamalaysia. Jirani alisherehekea uhuru wake, na Malaysia ikahesabu fainali ya kwanza iliyopotea katika juma hilo. Zilibaki mbili.

Siku mbili baadaye ilikuwa zamu ya Uhindi. Goma wengi wanawajua Wahindi kupitia kofia za bluu za MONUSCO, na walioishi karibu nao wanajua kwamba mchezo wa moyo wao ni kriketi. Lakini kufika tarehe 19, Uhindi, nchi ya watu zaidi ya bilioni moja, ilikuwa na medali moja tu Rio, shaba ya Sakshi Malik katika mieleka. Kila jicho likageuka kwa P. V. Sindhu, msichana wa miaka 21 kutoka Hyderabad. Katika nusu fainali na Nozomi Okuhara wa Japani, matokeo ya seti ya pili yalikuwa 10 kwa 10. Kutoka hapo Sindhu alichukua pointi 11 mfululizo, Mjapani hakupata hata moja tena. Mtu anayefuata mpira peke yake hawezi kupima kitu hicho. Ni kama timu kufungwa mabao matano ndani ya dakika kumi wakati mechi ilikuwa sawa.

Nyuma ya Sindhu kulikuwa na mwalimu wake, Pullela Gopichand, bingwa wa zamani aliyeweka nyumba yake rehani ili kujenga chuo cha badmintoni. Kwa miezi mitatu kabla ya fainali, Gopichand alikuwa amemnyang'anya Sindhu simu. Wazazi wa siku hizi wataelewa uzito wa adhabu hiyo. Katika fainali Sindhu alishinda seti ya kwanza 21 kwa 19, na Carolina Marín wa Uhispania, anayepiga kelele kila anapopata pointi, akachukua mbili zilizofuata, 21 kwa 12 na 21 kwa 15. Hakuna mwanamke asiye wa Asia aliyekuwa amewahi kupata dhahabu hiyo katika mchezo wa mmoja-mmoja.

Uhindi haikulia. Kwa Wahindi fedha hiyo ilikuwa ya kwanza kwa mwanamke yeyote wa nchi yao, na tarehe 22 Sindhu na mwalimu wake walipita katika barabara za Hyderabad juu ya basi lisilo na paa, watu wamejipanga pande zote mbili. Simu yake alirudishiwa.

Ninaandika hilo sababu linaonyesha kwamba medali ya fedha si kitu kimoja kwa kila mtu. Hyderabad ilicheza ngoma kwa ajili yake. Kuala Lumpur ilikuwa nazo tayari, na haikuzitaka tena.

Mtu mmoja, fainali tatu

Lee Chong Wei alizaliwa mwaka wa 1982 katika jimbo la Perak na kukulia Bukit Mertajam, mji mdogo upande wa Penang. Si mrefu sana, si mnene, na anajulikana kwa miguu inayofika kila kona. Kwa jumla alikaa majuma 349 kama nambari moja wa dunia, na kati ya hayo majuma 199 yalifuatana bila kukatika, kutoka 2008 hadi 2012. Ni zaidi ya miaka sita na nusu ya kuwa mkubwa wa mchezo wote. Na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuwa bingwa wa dunia wala bingwa wa Olimpiki.

Sababu yake ina jina: Lin Dan wa Uchina. Hao wawili walikutana mara 40 katika maisha yao ya mchezo, Lin Dan akashinda 28, Lee 12. Beijing 2008, fainali: Lin Dan 21 kwa 12, 21 kwa 8. Kipigo hicho hakikuuma sana, Malaysia ilisema kijana bado ana wakati. London 2011, fainali ya ubingwa wa dunia: seti tatu, ya mwisho 23 kwa 21 kwa Lin Dan. London 2012, fainali ya Olimpiki: Lee, ambaye miezi mitatu kabla alikuwa ameumia kifundo cha mguu huko Wuhan, alichukua seti ya kwanza, akapoteza ya pili, na katika ya tatu alikuwa mbele 19 kwa 18. Zilibaki pointi mbili. Lin Dan akachukua tatu mfululizo. Baada ya hapo Lee aliomba Wamalaysia wote msamaha, kana kwamba amevunja kitu cha nyumba.

Mwaka huohuo wa 2012, mmiliki wa mgodi mmoja wa dhahabu wa Malaysia alikuwa ameahidi kumpa Lee kipande cha dhahabu chenye thamani ya ringiti milioni 2 kama angeshinda. Wasomaji wetu wa Kamituga na Mongbwalu wanajua dhahabu namna inavyochimbwa na namna inavyopotea njiani. Hii ilipotea kwa pointi mbili.

Guangzhou 2013, fainali ya dunia tena. Seti ya tatu, Lin Dan ana 20, Lee ana 17, misuli ya Lee inakataa na anashindwa kuendelea. Upande wa Malaysia ulilalamika kwamba mashine za kupoza hewa zilizimwa ndani ya jumba. Katika badmintoni hilo si neno dogo. Kinyoya ni chepesi kiasi kwamba upepo wa mashine unaweza kukisukuma nje ya mstari, na ndiyo maana mashindano makubwa yanachezwa ndani, milango imefungwa. Mashabiki wa Malaysia bado wanabishana juu ya mashine hizo kama sisi tunavyobishana juu ya penalti.

Mwaka wa 2014 mambo yaliharibika zaidi. Baada ya ubingwa wa dunia wa Copenhagen, ambako alishindwa fainali na Mchina mwingine, Chen Long, vipimo vilionyesha deksamethazoni katika mwili wa Lee. Waamuzi wa kesi walikubali kwamba hakukusudia kudanganya. Walimpa miezi minane ya kusimama, iliyohesabiwa kuanzia nyuma, na wakamnyang'anya fedha ya Copenhagen. Alirudi mwezi wa tano 2015, akiwa ameshuka sana katika orodha ya dunia, akaanza kupanda upya kupitia mashindano madogo. Kufika Rio alikuwa amerudi juu, akiwa na miaka 33. Kila mtu alijua hakuna Olimpiki nyingine baada ya hiyo.

Usiku wa siku ya tano

Ni lazima kueleza mahali ambapo Wamalaysia wanatazamia mechi. Wanapaita mamak. Ni migahawa ya Waislamu wenye asili ya Kitamil, mingi inafungua saa 24, meza za plastiki hadi karibu na barabara, chai ya maziwa inayomiminwa kutoka juu hadi itoe povu, mkate bapa wa kukaangwa, na televizio kubwa ukutani. Bei ni ya mtu wa kawaida. Chukua malewa ya kwetu, iweke wazi mchana na usiku, utakuwa karibu. Pale wanakaa Wamalay, Wachina na Wahindi wa Malaysia, jamaa ambazo katika siasa mara nyingi kila moja ina chama chake, na ambazo mwezi wa tano 1969 zilimwaga damu katika mji wa Kuala Lumpur. Lee ni mtoto wa familia ya asili ya Kichina. Ndugu wa Sidek waliomtangulia, Razif na Jalani walioleta medali ya kwanza kabisa ya Malaysia katika Olimpiki mwaka wa 1992, ni Wamalay. Katika mamak, kinyoya kikiruka, hakuna anayeuliza ukoo. Nisiseme kwamba mchezo unaponya siasa. Kesho yake kila mtu anarudi kwa chama chake. Lakini saa mbili za mechi ni saa mbili, na kwa sisi wa Kivu ao Ituri ambao tunajua thamani ya saa mbili za utulivu, si kitu cha kudharau.

Tarehe 19, nusu fainali: Lee na Lin Dan, mara ya tatu katika Olimpiki. Lin Dan akachukua seti ya kwanza 21 kwa 15. Lee akajibu 21 kwa 11. Seti ya tatu ikafika 20 kwa 20.

Kwa asiyejua sheria: seti inaisha kwa pointi 21, lakini ni lazima uwe mbele kwa mbili. Mkiwa 20 kwa 20 mnaendelea hadi mmoja aache pengo la pointi mbili, ao afike 30. Hakuna saa inayokuokoa, hakuna kurudisha mpira nyuma kwa mlinda mlango ili dakika ziishe. Ndiyo sababu shabiki wa badmintoni anaumia kwa namna ya pekee: mtu wake anaweza kuwa na ushindi mkononi na bado asiwe ameshinda chochote.

Lee akashinda 22 kwa 20. Wazee hao wawili wa mchezo walikumbatiana, mmoja ana miaka 33, mwingine 32, na kwa shabiki wa Malaysia deni la Beijing na London lilikuwa limelipwa. Wengi waliichukua mechi hiyo kama fainali yenyewe, na kwa maoni yangu hapo ndipo moyo wao ulipojidanganya. Kwanza, siku hiyohiyo Goh V Shem na Tan Wee Kiong walipoteza fainali ya wanaume wawili-wawili mbele ya Wachina Fu Haifeng na Zhang Nan, baada ya kushinda seti ya kwanza, na seti ya mwisho ikienda 23 kwa 21. Ni pengo la pointi mbili tena. Pili, Chen Long alikuwa akingojea, miaka 27, miguu mibichi, baada ya kumshinda Viktor Axelsen wa Danemark kwa seti mbili tu. Ndiye aliyemshinda Lee Copenhagen 2014, na tena katika fainali ya dunia ya Jakarta 2015.

Siku ya posho, tarehe 20, Chen Long alishinda 21 kwa 18, 21 kwa 18. Hakuna 20 kwa 20, hakuna mashine za hewa, hakuna kifundo cha mguu cha kulaumu. Lee alipata kila nafasi, na mwenzake alikuwa bora kidogo mchana huo wa Rio. Fainali tatu za Olimpiki, fedha tatu. Serikali ya Malaysia inampa mwenye dhahabu ringiti milioni 1 na mwenye fedha ringiti 300 000, lakini hesabu iliyouma watu si hiyo. Malaysia iliondoka Rio na medali tano, nne za fedha na moja ya shaba, mavuno makubwa kuliko yote katika historia yake, na tatu kati ya fedha hizo zilikuwa za badmintoni. Nchi nyingine ingefunga barabara na kucheza. Ya kwetu ingefanya hivyo, bila shaka: Kongo ilienda Olimpiki mara ya kwanza Mexico 1968, na hadi Paris 2024 haijarudi na medali ya rangi yoyote.

Waliokuwa ndani ya jumba

Tusisahau Wabrazili. Wengi waliojaza viti vya Riocentro hawakuwa wamewahi kuona badmintoni. Lakini Rio yenyewe ilikuwa na kijana wake, Ygor Coelho, mtoto wa mtaa maskini wa Chacrinha. Baba yake, Sebastião, alijenga pale mradi wa kufundisha watoto badmintoni, unaoitwa Miratus, na ili kuwazoesha miguu ya haraka akachanganya mazoezi na samba. Watoto wanacheza ngoma raketi mkononi. Ygor aliingia Olimpiki ya nyumbani, akapigiwa kelele kama mchezaji wa Flamengo, hata kama hakupita makundi. Afrika pia ilikuwa huko. Kama kuna wakubwa wa michezo wanaotafuta mfano wa kuigwa bila uwanja wa mamilioni ya dola, wafikirie Chacrinha: ilihitaji baba mmoja, sakafu, wavu wenye urefu wa mita moja na nusu hivi, na ngoma.

Baada ya Rio, Lee alisema anaendelea, mashabiki wakaanza kuhesabu miaka hadi Tokyo. Mwaka wa 2018 madaktari walimkuta na kansa ya pua. Alitibiwa, akapona, akajaribu kurudi, na tarehe 13 mwezi wa sita 2019 akatangaza kwamba anaacha. Lin Dan naye aliacha mwaka uliofuata.

Kungojea kulihamia kwa wengine. Aaron Chia na Soh Wooi Yik walipata shaba Tokyo, katika jumba lisilo na mashabiki sababu ya Covid, kisha mwaka wa 2022, katika mji huohuo, wakawa mabingwa wa dunia wa kwanza wa Malaysia. Katika Paris 2024 badmintoni ilichezwa Porte de la Chapelle, katika mtaa wa 18, si mbali na Château Rouge ambako Wakongo wa Paris wanaenda kununua pondu na samaki. Mashabiki wa Malaysia walikuja na bendera. Chia na Soh wakachukua shaba nyingine, na Lee Zii Jia, ambaye hana udugu na Lee wa kwanza, akapata shaba yake baada ya kupoteza seti ya kwanza na Lakshya Sen wa Uhindi. Hakuna dhahabu.

Michezo inayofuata ni Los Angeles, mwezi wa saba 2028. Kati ya Los Angeles na Kuala Lumpur kutakuwa na tofauti ya saa 15. Fainali ikianza saa tatu asubuhi kule, itakuwa saa sita usiku Malaysia, na mamak zitakuwa wazi.